Vichupa Vinane Nyuma ya Pamba

Wameniomba niandike mambo machache ya kuwasaidia vijana. Nakato, anayeshika stoo ya dawa baada yangu, ameniletea daftari jipya na kalamu mbili, ya bluu na ya nyekundu, utadhani ninaenda kufanya mtihani wa praimari. Haya, nitaandika. Ila anayetafuta habari za vyeo atafute kwingine. Mimi niliingia nikiwa mtunza dawa, nikatoka nikiwa mtunza dawa, na muda wote huo stoo ilikuwa na kiti kimoja tu, nacho kilikuwa kibovu mguu.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha ya stoo yetu. Mimi ni Mnubi, kwetu asili ni Bombo, nyumba yangu iko Kisugu. Mkunga wetu alitoka Toro, walinzi walitoka kaskazini, wagonjwa wengi walikuwa wake wa polisi na Wakongo. Kiluganda tulikitumia dirishani, Kiingereza kwenye ripoti, na Kiswahili tulipogombana. Kituo chenyewe sitakitaja. Wanaokijua wanakijua, na wasiokijua hawatapata faida yoyote kwa kukijua.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Aliyenipokea ni Mzee Adriko, mtu wa Arua, aliyejifunza kazi ya stoo jeshini na bado alitembea kama anakagua gwaride. Akaliangalia koti langu, akasema, "Binti, leo hapana gusa dawa. Leo unasoma." Kila dawa ilikuwa na kadi yake, imening'inizwa kwa uzi kwenye rafu: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na jina la aliyeandika. Nilisoma kadi kutwa nzima. Jioni macho yalikuwa mekundu na koti jeusi kwa vumbi, naye akaridhika.

Kesho yake akanifundisha kosa. Ndiyo, kosa. "Ukikosea kwenye kadi," alisema, "hapana futa. Hapana kwangua na wembe. Piga mstari mmoja, hivi, ili mtu aweze kusoma ulichokosea. Pembeni andika ile ya kweli kwa kalamu nyekundu. Halafu sahihi yako na tarehe." Nikamuuliza kwa nini tusianze kadi mpya, iliyo safi. Akanicheka hadi akakohoa. "Kadi safi ni ya mtu hapana fanya kazi," akasema.

Ninyi mmefundishwa darasani jinsi huduma ya afya ya serikali ilivyopangwa. Mimi nilifundishwa na Mzee Adriko kwa makopo matupu ya vidonge, aliyoyapanga sakafuni kama ngazi. Kopo dogo kabisa lilikuwa yule mtu wa kujitolea wa mtaani, anayejua nyumba gani ina mjamzito na nyumba gani mtoto hajachanjwa. Juu yake zahanati ndogo. Kisha sisi, tunaozalisha lakini hatupasui. Juu yetu kituo kikubwa chenye chumba cha upasuaji, halafu hospitali, halafu hospitali kubwa ya taifa, kopo la mwisho, lenye kutu. "Mgonjwa anapanda na karatasi," alisema, "dawa inashuka na karatasi. Karatasi ikidanganya, mmoja wao anapotea njiani."

Akaniuliza nani analipia yote hayo. Nikasema serikali. "Serikali iko na shamba?" akauliza. Akaninyooshea kidole mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya getini. "Yule akinunua sabuni, amelipa. Akinunua sukari, amelipa. Akija hapa dirishani, hapana omba. Anachukua chake." Tangu siku ile sikumfokea tena mgonjwa aliyegonga dirisha, au tuseme nilipunguza.

Lori la dawa lilikuja kila baada ya miezi miwili, na tuliagiza kulingana na kadi zilivyoonyesha tumetumia. Siku ya lori, habari ilifika hadi mtaa wa Kansanga kabla hatujamaliza kupakua. Watu walikuja na madaftari yao, maana kwetu mgonjwa huja na daftari lake la kuandikiwa, na wengi huchukua la mtoto aliyemaliza muhula. Nimewahi kusoma presha ya baba mzima katikati ya hesabu za kuzidisha. Tatu mara saba ilikuwa imekosewa, nami nikaisahihisha, sikuweza kujizuia.

Sasa niseme habari ya Ssenga, maana bila yeye haya mengine hayaeleweki. Waganda humwita shangazi ssenga. Ndiye anayekaa chumba cha nyuma na bibi harusi, haonekani ukumbini, lakini siku ya jambo zito ndiye anayeitwa. Katika stoo yetu Ssenga alikuwa akiba ya siri. Kila lori likija, Mzee Adriko alitoa kidogo kutoka dawa zile za kuokoa roho, akaziweka kabati la nyuma, nyuma ya marobota ya pamba, na hakuziandika popote. Kwenye kadi zilikuwa zimetoka. Zimetoka kwenda wapi, alijua yeye, na baadaye nikajua mimi.

Msidhani tulikuwa wezi. Hata kidonge kimoja hakikwenda sokoni. Sababu ilikuwa wale wakubwa waliozunguka vituoni kugawanya dawa. Mmoja alikuja na gari, akasoma kadi, akasema, "Ninyi mna kumi, wenzenu hawana kitu, toeni tano." Na ilikuwa haki, maana dawa ni za umma, si za kabati letu. Wenzetu walikuwa na wagonjwa kama sisi, hilo nililijua. Lakini wagonjwa wao sikuwa nawaona usoni, wa kwetu nilikuwa nawaona. "Akiba haiozi," alisema Mzee Adriko akirudisha pamba mahali pake. Mimi nikamkumbusha kwamba dawa zina tarehe ya mwisho, akiba hii inaoza vizuri sana. Akasema nina mdomo.

Mwaka mmoja mwuza mkaa alimleta mwanawe, malaria imempanda kichwani, mtoto hasemi, shingo imelegea. Rafu ilikuwa tupu, lori lilikuwa halijafika. Mzee akaniangalia, akasema, "Mwite Ssenga." Nilikimbia. Baada ya siku tatu mtoto yule alitoka kwa miguu yake, akidai soda. Basi, nikaamini. Mzee Adriko alipostaafu alinikabidhi funguo, ngazi, trei ya kuhesabia vidonge, na Ssenga. Alirudi Arua, na huko ndiko alikozikwa. Mungu amrehemu, sina la kumlaumu. Alinifundisha vitu vingi sahihi, na mimi nikashikilia kimoja kibaya kwa nguvu zaidi kuliko vyote.

Kisha akaja Nakato, mgeni kabisa, ametoka chuo. Aliniita Hajati kama walivyoniita wote, ingawa Makka sijaenda hadi leo. Alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. "Hajati, kadi ikisema saba, kwenye rafu pawe saba," alisema. Sikumwambia habari ya Ssenga. Nilijua angemwandika kwenye kadi siku hiyo hiyo, na wale wa gari wangekuja kugawanya. Nikajisemea nitamwambia akishakomaa kazini.

Wakati huo Akello alikuwa mjamzito. Akello alikuwa mke wa konstebo Opiyo, Mwacholi wa kambi ya polisi, na alikaanga mandazi ambayo kituo kizima kilikula kwa mkopo. Hakukosa kliniki hata mara moja. Daftari lake alilijalidi kwa karatasi ya kalenda ya zamani, safi kuliko yote niliyopata kuona dirishani. Aliniita mama mkwe. "Mama mkwe, huyu akiwa msichana nampa mjukuu wako," aliniambia akishika tumbo. Nikamwambia mjukuu wangu ni mvivu, binti yake amtafutie daktari wa kumwoa. Tulicheka. Wiki za mwisho presha yake ikaanza kupanda, na mkunga wetu, Sista Kemigisa, akamwambia aje upesi akiumwa kichwa.

Jumanne moja niliitwa Bombo, mama yangu amezidiwa. Nilimwachia Nakato funguo zote, hata ya kabati la nyuma. Maneno mawili matatu tu ndiyo sikumwachia. Yangechukua muda gani? Nilikuwa na haraka, nilikuwa ninalia, na kusema kweli sikukumbuka.

Mama yangu alifariki alfajiri ya Jumatano. Saa nne asubuhi hiyo Akello alifika kituoni akishikilia ukuta, kichwa kinampasuka, macho hayaoni vizuri. Ni dalili za kifafa cha mimba, kila mkunga anazijua. Sista Kemigisa akaita dawa ya sindano ya kuzuia kifafa, ili ampe kwanza kisha ampandishe hospitali kubwa. Ndivyo utaratibu ulivyo: sisi tunaanza, wao wanamalizia. Nakato akakimbia kwenye rafu. Tupu. Akasoma kadi: sifuri. Akatazama kila trei, kila boksi. Akanipigia simu mara tatu. Simu ilikuwa kwenye mkoba chumbani, nami nilikuwa uani pamoja na wanawake wenzangu, tunamwosha mama yangu.

Sista akaandika kwenye daftari la Akello: dawa ya kifafa cha mimba haipo stoo, apelekwe juu. Gari la wagonjwa likaja, likaingia kwenye foleni ya mchana. Akello alianguka kifafa mara mbili njiani. Hospitali walimtoa mtoto akiwa hai, msichana. Mama yake alikufa kabla ya magharibi.

Nilirudi kazini Jumatatu. Nakato alinisubiri mlangoni, akanipa pole ya mama, kisha akaniambia ya Akello. Nilikwenda moja kwa moja kabati la nyuma, nikavuta pamba. Vilikuwa vinane. Vichupa vinane vya dawa ile, vimefungwa kwa rababendi, tarehe yake bado mbali. Nikakaa sakafuni. Kisha nikasikia hatua za Nakato, nikarudisha pamba haraka. Ndugu zangu, ndivyo nilivyofanya. Mkono ulirudisha pamba kabla akili haijauuliza.

Kukawa na kikao cha kuchunguza kifo, maana kila mama akifa kwa uzazi lazima kikao kikae. Wakaniuliza kama dawa ilikuwepo. Nikasema, "Kadi inasema sifuri." Wala sikudanganya, si ndivyo kadi ilivyosema? Ripoti ikaandikwa: ukosefu wa dawa. Mitaani wakailaani serikali na mimi nikaitikia kwa kichwa. Kumbe safari hiyo dawa ilikuwa imenunuliwa, imepakiwa, imeletwa, imefika. Imepita makopo yote ya Mzee Adriko salama, ikaja kufia mikononi mwangu.

Opiyo alikuja kuchukua daftari la mkewe. Alisimama dirishani na yunifomu yake, kofia mkononi. "Mama," alisema, "mimi nauliza tu. Kila mwezi nakatwa kodi, sijawahi lalamika. Hata chupa moja haikuwa?"

"Afande," nikamwambia, "stoo ilikuwa tupu."

"Sawa. Asante, Mama." Alinishukuru. Jamani, yule mtu alinishukuru, akavaa kofia yake akaondoka.

Vile vinane nilivitumia kidogo kidogo, na Ssenga nikamkomesha kimya kimya. Sikumwambia mtu. Mtoto walimwita Acan, jina la Kiacholi la aliyezaliwa katika taabu. Opiyo alimleta mwenyewe kwenye chanjo, akakaa kwenye benchi katikati ya akina mama na magwanda yake, chupa ya maziwa mfukoni. Alibeba vitu viwili ndani ya kaveera, ule mfuko wa plastiki: kadi ya mtoto na daftari la Akello. Sijui kwa nini alilibeba. Hakuna aliyelidai. Kila akifika dirishani aliuliza, "Mama, leo dawa iko?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anataka kujua tu. Nilikuwa nasema iko, Afande, iko, na vidonge vinanimwagikia nje ya trei.

Hivyo ikaenda miaka mitano. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Mimi kifo kilikuwa kimekwisha pita, na bado nilikuwa naficha.

Wiki yangu ya mwisho tulihesabu stoo kwa makabidhiano, Nakato anasoma kadi, mimi nahesabu. Siku ya pili tukafika kabati la nyuma. Kwa mazoea tu mkono wangu ukavuta pamba. Nyuma yake kulikuwa na vichupa sita vya dawa ile ile, vimefungwa kwa rababendi.

Niligeuka. Nakato alikuwa amekumbatia zile kadi kifuani. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Hajati, usinikasirikie," alisema. "Tangu yule mama wa kambini, niliapa. Haitatokea tena mtu aite dawa ile nami niseme hakuna."

"Nani mwingine anajua viko hapa?"

"Hakuna. Mimi peke yangu."

"Na ukienda kujifungua?"

Nikaliona lile tumbo, nikaiona ile pamba, nikaona kwamba uongo wangu haukukaa mahali ulipozaliwa. Ulikuwa umeshamfundisha kazi mtu mwingine. Nikavuta kile kiti kibovu, nikamkalisha, nikamwambia yote. Nilidhani atalia. Alilia, lakini kwanza alipiga kelele. "Miaka mitano, Hajati! Miaka mitano naota ile rafu! Naamka najiuliza kama nilitazama trei zote au nilisahau moja!" Akatoka nje, na hadi baada ya chakula cha mchana hakunisemesha. Aliporudi alichukua kadi, akapiga mstari mmoja kwenye hesabu aliyodanganya, akaandika sita kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi. Hakuniangalia. Kisha akanipa ile kalamu.

Kwa mkuu wa kituo niliandika barua. Nikajibiwa kwamba wameipokea, na jalada la kikao kile lilikwisha fungwa. Sawa. Majalada yana bahati yao.

Kambini nilikwenda mchana, peke yangu. Opiyo alikuwa anafua yunifomu mlangoni, Acan anachezea povu. Nikamwomba daftari la Akello. Akalileta ndani ya ile kaveera, akafuta mikono kabla ya kulitoa. Jalada la kalenda lilikuwa bado safi. Mtoto akatumwa kwa jirani.

"Afande," nikasema, "dawa ilikuwepo. Niliificha mimi, nyuma ya pamba, na sikumwambia mtu. Wewe nilikudanganya. Ukitaka niandike maelezo polisi, nimekuja tayari."

Aligeuza ndoo, akaikalia. "Zilikuwa ngapi?"

"Nane."

"Zingetosha?"

"Zingetosha kumwanzisha, ndipo apande. Kama angepona, hilo silijui. Hakuna anayelijua."

Nikafungua ukurasa ule wa mwisho. Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno ya Sista, ili yaendelee kusomeka, na pembeni nikaandika kwa nyekundu: Ilikuwepo. Niliificha. Nikatia sahihi yangu na tarehe. Opiyo akasoma polepole, kidole kikifuata, akalifunga daftari, akalirudisha kwenye kaveera.

"Mama, mimi siwezi sema nimesamehe."

"Sikuja kuomba hilo."

"Maelezo ya polisi sitaki. Hiyo ni karatasi tu." Alitazama upande alikokwenda mtoto. "Huyu akijua kusoma nitampa hii asome. Wewe utakuja. Utakaa hapa, yeye atasoma, wewe unasikia."

Nikasema nitakuja.

Basi, vijana, kama mlitaka funzo la stoo ni hili: kila kilichopo kiandikwe, hata kama wenye gari watakuja kukigawanya, na kila anayeachiwa funguo aambiwe vyote vilivyo nyuma yake. Nakato alijifungua salama, kijana, na amesharudi kazini. Jana alinipigia simu. Acan ameanza praimari one. Opiyo alimleta kwa dawa ya minyoo, na mtoto alisimama dirishani akisoma kwa sauti herufi za kwenye maboksi, moja moja. Nakato anasema maneno marefu bado yanamshinda.

Yangu, kwenye daftari lile, ni mawili tu.